Jiwe la Michembe

Hii ni hotuba niliyoitoa nikiwa katibu ninayemaliza muda wangu, kwenye mkutano wa mwaka wa umoja wa wakazi wa mtaa wetu wa mlimani, upande wa Bwiru, Mwanza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokuwa kazini siku ile.

Ndugu mwenyekiti wa umoja, ndugu mwenyekiti wa mtaa, wazee wetu, mama zangu, vijana mliosimama kule nyuma kwenye kivuli cha mwembe, wenye nyumba na wapangaji. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana.

Mapato na matumizi mweka hazina ameshayasoma, na risiti ziko pale mezani kwa yeyote anayetaka kuzikagua. Sitayarudia. Nafasi yangu ya mwisho nikiwa katibu nataka kuitumia kuzungumzia jiwe moja.

Mliozaliwa hapa mnalijua. Lilikuwa juu kidogo ya korongo, pale njia ya kwenda ziwani inapogawanyika. Mgongo wake ulikuwa mpana na tambarare, ungeweza kutandika mikeka kumi na nafasi ikabaki. Mwezi wa sita na wa saba, viazi vitamu vikishavunwa, mama zetu walipanda pale na ungo kichwani. Waliketi wakimenya, wakikata vipande vyembamba, wakivianika moja kwa moja juu ya jiwe. Hiyo ndiyo michembe. Viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa, na kila nyumba ilikuwa na ubishi wake juu ya kipi kitamu zaidi. Sisi watoto tulikaa na fimbo kufukuza mbuzi na kunguru. Jiwe lilishiba jua mchana kutwa, na ukilikalia baada ya magharibi ulihisi joto lake mapajani mpaka unapoitwa kula. Kila familia ilikuwa na sehemu yake ya kuanikia na hakuna aliyewahi kuchora mpaka.

Jiwe la Bismarck kule mjini lina jina la Chansela wa Ujerumani, na picha yake ipo kwenye kadi, kwenye fulana, hata kwenye kuta za hoteli. Mgeni akishuka Mwanza anapelekwa kupiga nalo picha. Letu liliitwa Jiwe la Michembe. Halikuwa kwenye kadi yoyote, na leo halipo.

Lilimalizika kwa wiki moja. Jioni ya kwanza yaliwekwa matairi na magogo chini ya tumbo lake, moto ukawashwa. Granaiti ikipata moto upande mmoja, ngozi yake ya nje hutanuka kuliko ndani, na hapo huachia. Waliokuwa karibu wanasema lilitoa mlio kama mlango mzito unaofungwa. Asubuhi mitaimbo na nyundo zikaingia. Kufikia Jumamosi palikuwa na marundo mawili, kokoto za nusu inchi na za robo tatu, na fuso lilikuwa limerudi kinyumenyume hadi kwenye mdomo wa njia.

Ule moshi wa jioni ya kwanza niliuona. Nilikuwa nashuka kuwahi daladala pale Kona ya Bwiru, nikajiambia kesho nitauliza kinachoendelea. Kesho yake sikuuliza. Nilikwenda siku ya nne, nikakuta nusu ya jiwe, na nikakuta wenzangu wengi wamefika siku hiyohiyo wakiwa na hasira kama zangu. Mwenye kiwanja alitupokea vizuri tu. Alikuwa na karatasi zake mkononi. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja, hatukujua mpaka wa kiwanja chake unaishia wapi, na katika watu arobaini tuliosimama pale hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kama jiwe lilikuwa ndani ya kiwanja au kwenye njia ya wote. Tulipiga kelele mpaka jioni, tukarudi nyumbani.

Waliokuwa wanapasua pia hawakuwa wageni. Mmoja alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mama aliyekaa juani akigonga kokoto kwa nyundo ndogo, mtoto mgongoni, alikuwa anatafuta ada ya shule. Nalisema hili wazi kwa sababu katika mikutano yetu ya mwanzo tuliwasema vibaya sana watu hawa, na tulikosea. Mtu anayeuza nguvu zake kwa ndoo moja ya kokoto hakuamua jiwe lipi lipasuliwe. Aliyeamua alikuwa na muda wa kuamua, na sisi tulikuwa na muda wa kumuuliza tukautumia kwenye daladala.

Umoja huu ulizaliwa kwa hasira ya wiki ile. Lakini hasira haijengi kitu kwa miaka tisa. Kilichotufikisha hapa ni kwamba tulijifunza kuwahi, na ndicho ninachotaka kukieleza, maana viongozi wapya mtakaowachagua leo watakuta watu wengi wanaodhani kazi yetu ni kufagia barabara kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kufagia ni vizuri. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, hata mitaro yetu inapumua. Ila mtaa unaweza kuwa msafi kabisa huku unabomoka.

Niwaeleze kwanza tunakaa juu ya nini. Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yaliganda chini kabisa ya ardhi, yakapata nyufa, na maji yaliyopita kwenye nyufa hizo kwa muda usiohesabika yakaozesha kingo zake. Ndiyo sababu mawe ya Mwanza ni mviringo wala hayana pembe kali. Kisha mvua zikachukua udongo uliokuwa umeyazunguka, mawe yakabaki yamebebana kama mnavyoyaona. Jiwe lile kubwa juu ya nyumba za kule juu limegusana na la chini yake mahali padogo kuliko meza hii. Penginepo ni kajiwe kamoja tu kamelizuia, na udongo kidogo, na mizizi ya mkuyu. Mtu anayesawazisha kiwanja anaona udongo usio na kazi, anauchimba. Anaona kajiwe kanamzuia kuchimba shimo la choo, anakang'oa. Hakuna kinachotokea siku hiyo. Kinachotokea kinasubiri masika.

Na maji. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Piga hesabu ya mvua nzito ya milimita 50 kwenye ekari moja ya mwamba mtupu: ni zaidi ya lita 200,000. Matangi 200 ya lita elfu moja, yamefunguliwa koki kwa pamoja mlimani. Zamani maji hayo yalikuwa na pa kusimama. Kulikuwa na vidimbwi kwenye mashimo ya mawe, na udongo wenye nyasi katikati ya miamba ulioyanywa taratibu, na vichaka vilivyoyapunguza mbio. Jiwe la Michembe lenyewe lilikuwa linagawa maji, nusu kwenye korongo, nusu kwenye majani ya upande wa pili. Hatukulijua hilo. Tulilijua masika ya kwanza baada ya kupasuliwa, maji yote yalipoamua kupita upande mmoja. Yalikata njia ya watoto wa shule kwa kina cha kiuno, yakaingia kwenye nyumba tatu za chini, moja ya mpangaji aliyekuwa na siku kumi na mbili tangu ahamie. Godoro lake lilikaa juani wiki nzima likikataa kukauka. Udongo uliokatwa pale ukaenda ziwani, na ziwa likilishwa udongo wa mlimani na uchafu wa vyoo ndipo magugumaji yanaponenepa. Wazee wa mwaloni wanakumbuka miaka ya 1990 mitumbwi ilivyokwama kwenye magugu hayo. Mlima wetu na mwalo wao ni kitu kimoja, kimeunganishwa na korongo.

Kwa hiyo tulipoanza kazi, tulianza na korongo. Tulipanda mikuyu kwenye kingo, na mnaona ilivyokamata. Tulipanga mawe madogo kwa matuta kukatiza mkondo, ili maji yashuke kwa ngazi badala ya kuteleza. Vijana wa kokoto ndio waliotufundisha kupanga mawe hayo bila saruji, na tuliwalipa. Jirani yangu yule wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyesimamia. Sasa ndiye anayepigiwa simu mtaa mzima mtu akitaka msingi wa mawe usiolazimu kupasua mwamba uliopo, na anajenga nyumba zinazoliacha jiwe likae sebuleni kama fenicha. Nendeni mkazione.

Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko mikuyu: kupata mchoro. Mchoro wa mipangomiji wa eneo letu, unaoonyesha kila kiwanja, kila njia, kila eneo la wazi. Katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, tuliambiwa njooni wiki ijayo mara nne. Mara ya tano mama mmoja wa kamati yetu alibeba chupa ya chai na vitumbua, akaketi kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi, akasema kwa upole kwamba hana haraka, atasubiri. Saa saba mchana tulikuwa na nakala yenye mhuri. Ile mliyoiona ukutani, imepakwa nailoni isilowe, ndiyo hiyo.

Mchoro ule ulitushangaza. Ulionyesha njia tatu ambazo sisi tuliziona kama vichochoro vya kupita kwa hisani ya wenye kuta. Kumbe ni njia za wote. Ulionyesha uwanja wa watoto kuwa eneo la wazi. Na ulionyesha kwamba robo ya Jiwe la Michembe ilikuwa kwenye njia. Robo tu, lakini ingetosha kusimamisha moto ule kwa siku tatu tukae tuzungumze. Tulikuwa na haki hiyo wiki ile nzima, imekunjwa kwenye kabati la ofisi.

Sasa niwasimulie uwanja. Mnakumbuka Jumapili ile vijana walipokwenda kucheza mpira wakakuta bikoni nne zimesimikwa kuanzia golini hadi katikati ya uwanja. Walinipigia saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili tulikuwa pale, saruji ya bikoni bado mbichi, kidole kinazama. Safari hii hatukupiga kelele. Mwenyekiti wa mtaa alifika, mtendaji akapigiwa simu, tukatandaza mchoro chini, tukaushikilia kwa mawe ya pembeni. Mpima aliyekuja Jumatatu kuendelea na kazi yake aliuangalia kimya, akalinganisha na karatasi alizopewa, akazunguka uwanja mara mbili, kisha akasema, "Hapa nimedanganywa na mimi." Alipiga simu mbele yetu. Bikoni ziling'olewa siku ya tatu. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyekwenda polisi. Baadaye tuliandika barua kwa halmashauri, maana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kubadili matumizi ya ardhi bila idhini ya mamlaka ya upangaji, na tukaomba tuarifiwe kila ombi la namna hiyo linapoletwa kwenye eneo letu. Barua hiyo tunaikumbushia kila baada ya miezi sita. Naomba viongozi wapya wasiache kuikumbushia.

Ufukweni hatujafanikiwa, na sitapamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 ni kutoka hapa nilipo mpaka kwenye lile duka la mpesa na nusu tena. Nendeni mkatembee kwenye ufuko wetu mhesabu hatua. Kuna ukuta mmoja ambao ziwa likijaa mawimbi yanagonga msingi wake, na akina mama waliokuwa wakichota maji pale sasa wanazunguka hadi kwenye mawe yenye utelezi. Tumeandika, tumeitwa, tumesikilizwa, ukuta uko palepale. Mwaka jana tulishuka na kamba ya mita 60 tukapima ufuko wote, tukaweka alama za rangi nyeupe kwenye mawe, mamlaka zikijua. Tangu hapo hakuna ukuta wa pili uliojengwa. Ule wa kwanza ninawaachia ninyi.

Wapo wanaotuuliza kama mambo haya si anasa ya watu walioshiba, kupigania mawe na miti wakati watu wanatafuta maji ya bomba. Swali hilo naliheshimu. Jibu langu linatoka Dar es Salaam. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kupinga dampo la taka lililokuwa likifukiza moshi kwenye nyumba zao, na mwaka 1991 mamia ya wakazi wa Kunduchi Mtongani nao wakaenda dampo lilipohamishiwa kwao. Mahakama ilikubali kwamba kuwavutisha watu moshi wa taka kunagusa haki yao ya kuishi, iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Hawakuwa matajiri wale. Na Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Imesema kila mtu. Mwenye hati yumo, na anayelipa kodi ya chumba kwa mwezi yumo.

Kwenye suala la wapangaji nataka nikae kidogo. Katika miaka yetu mitatu ya kwanza tuliwaita wenye nyumba peke yao. Tulifikiri mpangaji anapita tu. Lakini nani aliyekuwa anatoka asubuhi na mapema akaona bikoni? Vijana wa vyumba vya kupanga. Nani analala nyumba za chini kule maji yanakopita? Wapangaji. Kwenye mkutano mkuu wa mtaa kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana sauti, awe amejenga au amepanga, na umoja wetu haukuwa na sababu ya kuwa na mlango mwembamba kuliko wa serikali ya mtaa. Tulipobadilisha katiba yetu na kuwaingiza, mahudhurio yaliongezeka maradufu, na mjumbe wetu bora wa korongo ni binti anayepanga chumba kimoja nyuma ya kanisa.

Uingereza, ambako vyama vya wakazi wa namna hii ni vya zamani, sheria ya mwaka 1967 iliziwezesha halmashauri kutangaza eneo zima la makazi kuwa la kuhifadhiwa, pamoja na miti na nafasi zilizo kati ya nyumba. Huko nyuma walikuwa wanalinda jengo mojamoja. Kwetu tumezoea kusikia hifadhi tukafikiria Serengeti, au Kisiwa cha Saanane kilichotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, tulipe kiingilio tukaone pimbi. Pimbi wako hapa juu ya choo cha shule. Na yule mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anayepiga pushapu juu ya mawe yetu watoto wakimtupia kokoto, wanasayansi wamempa jina Agama mwanzae, la mji huu, tangu mwaka 1923. Mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi wake jambo hilo. Wiki iliyofuata niliwakuta watoto wanagombana juu ya nani ana mjusi mkubwa zaidi kwenye jiwe la kwao, na hakuna aliyekuwa na kokoto mkononi.

Ninakabidhi kaunta buku tatu. Ya kwanza ni mihtasari ya mikutano. Ya pili ni matembezi ya kila mwezi: tarehe, waliokuwepo, walichokiona, hata kama hawakuona kitu. Someni ile ya pili. Mtaona mwezi ambao mtu ameandika "udongo umechimbwa chini ya jiwe la mzee wa mbuzi, kama hatua mbili", na mtaona wiki mbili baadaye tulivyokwenda kuzungumza na aliyechimba, na udongo ukarudishwa, na jiwe liko pale mpaka leo. Mstari mmoja ule uliandikwa na mvulana wa darasa la sita kwa kalamu ya risasi.

Ya tatu ina majina ya mawe. Tumekwenda kwa wazee nyumba kwa nyumba tukiuliza kila jiwe linaitwaje, na tumeyaandika kwenye mchoro kwa wino wa kijani. Tumefika 41. Bado upande wa magharibi wote.

Matembezi ya mwezi huu ni Jumamosi, saa moja asubuhi, tunaanzia hapa chini ya mwembe. Tutapanda na korongo mpaka juu, kisha tutashuka na njia ya pili hadi ufukweni. Mchoro utabebwa na mweka hazina, kamba anayo binti wa korongo. Vaeni viatu vya kufunga, maana asubuhi mawe huwa na umande, na anayemjua mzee yeyote aliyekulia upande wa magharibi amwombe aje naye, tutamshika mkono.

Wabeja sana.